Lenzi Tatu kwa Mtoto wa Chupa

Hospitalini waliniita Bi Vidonda, na sikukasirika, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya. Jeraha likichelewa kupona, mfupa ukiunga vibaya, ngozi ikitoka upele ambao daktari hajawahi kuuona, aliitwa Bi Vidonda apige picha ya kuwekwa kwenye faili. Chumba changu kilikuwa chini kabisa ya jengo, jirani na pale panapofuliwa mashuka, na kuta zake zilitoa jasho mwaka mzima. Enzi hizo simu zilikaa mezani na hazikuwa na habari ya picha. Mtu akitaka kuona kilichoko jengo la pili, ama atembee, ama anisubiri mimi nisafishe filamu.

Asubuhi ninayoisema nilikuwa nimechoka kabla sijavua viatu vya njiani. Uchovu wangu wa miaka ile haukuwa wa kulala ukaamka umeisha. Ulikuwa umeshahamia kwenye magoti, umeweka na kitanda. Simu ikalia, na kwa jinsi aliyepiga alivyonong'ona nikamjua.

Alikuwa Sista Shii, mkuu wa wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Jina lake la ubatizo sikulijua. Hilo la Shii alipewa kwa neno alilolisema kuliko mengine yote, na hata madaktari bingwa, watu wa kubamiza milango kwao, waliingia wodini kwake wakinyata kama wezi wa kuku.

"Bi Vidonda, njoo huku. Nina mzazi atanitia wazimu."

Nikaenda. Alinisimamisha mlangoni, akanieleza kwa sauti ya chini. Mzazi huyo alijifungua kwa kupasuliwa, presha yake ikagoma kushuka, na sasa amelazwa jengo la pili, amekatazwa hata kuketi. Mtoto wake, wa kike, yuko huku kwa Sista, ndani ya lile sanduku la kioo lenye joto ambalo kila mtu huliita chupa. Mama hawezi kuja kwa mtoto, na mtoto hawezi kutolewa kwenda kwa mama.

"Hilo la kawaida," nikasema. "Tatizo nini?"

"Amekataa kukamua maziwa. Nikimpelekea kikombe ananiuliza, nimkamulie nani? Anaamini mtoto alikufa na sisi tunamficha."

"Mwambie yuko hai."

Sista Shii alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Wamemwambia wote. Sikiliza. Huyu ni mtoto wake wa pili. Wa kwanza alifariki, na ndugu zake wakamzunguka siku nzima wakimwambia mtoto hajambo, amelala, amenyonya vizuri. Kwa huruma. Sasa kila nikimwambia mtoto hajambo, ninamwona anavyozidi kuzima."

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

"Maziwa yakikauka nina ya kopo," Sista akaendelea, "lakini watoto wa ukubwa huu matumbo yao hayayataki. Yanavimba. Nimeshawapoteza wengine hivyo, sitaki kumpoteza huyu. Nataka picha. Leo hii. Na kamera yako ile ya kubamiza bamiza usiniletee hapa, wala ile taa ya kumulika. Mkoba wako pia ubaki, umeshazunguka vidonda vyote vya hospitali hii. Utaingia na kamera moja na lenzi moja mkononi, niipanguse kwa spiriti kwanza."

Nilikuwa na kamera moja tu isiyopiga kelele, na ilikuwa imelala kabatini muda mrefu. Ni ile ya kidirisha. Kamera kubwa ya idara unachungulia moja kwa moja kupitia lenzi, kwa kioo kilichomo ndani, na ukibonyeza kioo kinaruka kwa kishindo. Hii haina kioo cha kuruka. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho pembeni, juu ya lenzi, na katikati yake mna kidoa chenye picha ya pili iliyofifia. Unazungusha lenzi mpaka picha mbili zikae moja juu ya nyingine, zikae kabisa, ndipo umepata umbali sawa. Ukibonyeza, inatoa mlio wa mtu kukata ukucha wa kidole cha mwisho. Ubaya wake ni kwamba kidirisha hakijui lenzi inaona nini. Unaweza kumwona mtu mzima mzima kidirishani, filamu ikatoka bila kichwa.

Ilikuwa na lenzi tatu ndani ya sanduku la mbao. Pana, inayokusanya chumba kizima. Ya wastani, inayoona kama jicho la mtu asiye na haraka. Na ndefu, inayovuta kitu mpaka kikajaa. Zote tatu zina ugonjwa mmoja: hazioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya dhiraa mbili, tangu ncha ya kidole mpaka kiwiko, mara mbili. Kwa hiyo huwezi kumsogelea mtoto. Unasimama pale pale, na lenzi ndiyo itakayoamua ataonekanaje.

Nikachagua pana, na nitasema kwa nini: ni lenzi ya wavivu. Haihitaji umakini wa umbali, haioni aibu mkono ukitetemeka, na mimi mikono yangu asubuhi ile haikuwa ya kuaminiwa. Nikajiambia pia kwamba mama atataka kuona mahali mtoto alipo. Nilijidanganya vizuri.

Nikapiga, nikashuka, nikasafisha filamu na kuchapa. Picha ilikuwa safi. Nikavuka uwanja kwenda jengo la pili, nikapanda ngazi maana lifti ilikuwa na ruhusa nyingi za ugonjwa kuliko wafanyakazi.

Mzazi alikuwa kitanda cha dirishani, amelala chali, msichana wa miaka ishirini na kitu, uso umevimba. Hakunisalimia. Nilimwekea picha mbele ya macho kwa sababu hakuinua mkono.

"Nionyeshe mtoto yuko wapi," akasema.

Nikatazama picha yangu mwenyewe, na kweli nikatafuta. Kulikuwa na meza, waya, mipira, saa ya ukutani, bega la nesi, sanduku linalong'aa, na ndani yake kitu kidogo kama soksi iliyosahauliwa. Nikaweka kidole. "Huyu hapa, mwanangu."

"Hizo ni mashine," akasema. "Mashine zipo, sijakataa." Akageukia dirisha.

Niliteremka ngazi nikimlaani kimoyomoyo. Ndiyo, mgonjwa. Nililaani na lenzi, na Sista, na aliyebuni ngazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na kwangu wa huyu binti ulikuwa bado mwepesi, kitu cha kumaliza nikarudi kwenye vidonda vyangu vinavyokaa kimya.

Nikatia lenzi ndefu. Sista Shii akaipangusa, akaniuliza, "Hii ndiyo yenyewe?" Nikamwambia ndiyo yenyewe. Kwa lenzi hiyo mtoto alijaa kidirishani kutoka pembe hadi pembe. Nilibana viwiko mbavuni, nikaegemea ukuta, nikashika pumzi, na zile picha mbili zikaingiana juu ya kope zake. Hata kope zilionekana. Kwa mara ya kwanza siku ile nilijisikia fundi.

Safari hii mzazi alishika picha mwenyewe. Akaitazama kwa muda, na nikaona kitu kinaanza kufunguka usoni mwake, halafu kikafunga.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wako."

"Mama, mimi nilimwona wakati wanamtoa. Kabla hawajanilaza tena nilimwona. Alikuwa mdogo hivi." Alionyesha kwa kiganja. "Huyu ana mashavu. Huyu ni mtoto mkubwa wa mtu. Mmenitafutia wa kunibembelezea."

Alikuwa anasema kweli kuhusu picha. Lenzi ile ilimtia chumvi mtoto. Ilimvuta mpaka akajaa karatasi nzima, na kwenye karatasi kitu kilichojaa ni kikubwa, basi. Hapakuwa na kitu pembeni cha kumpimia. Nilikuwa nimempelekea kilemba cha ukoka, naye alikuwa ameshavishwa vya kutosha.

"Msinirudie tena na picha," akasema. Kikombe kilikuwa kwenye kabati dogo la kitandani, kikavu, kimefunikwa kitambaa kisafi.

Nilikuwa hoi. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya wodi, nikavua kiatu kimoja mbele za watu. Kando yangu alikaa mama mtu mzima, mnene wa mabega, na kapu la vyombo miguuni. Alikuwa amekaa kama mtu aliyezoea benchi lile.

"Wamekurudisha na wewe?" akaniuliza.

"Shikamoo mama. Wamenirudisha."

"Marahaba. Yule ni mke wa mwanangu. Mume wake dereva wa malori, yuko njiani huko, hajui hata kama kazaa. Mimi huja kila siku na uji. Nesi anaupeleka ndani. Akijua ni wangu hanywi, kwa hiyo tunamwambia umetoka jikoni kwenu."

"Mmegombana?"

Mama mkwe akacheka bila furaha. "Tungegombana ingekuwa afadhali, magomvi huisha. Mimi ndiye niliyemwambia la yule wa kwanza. Mama yake, dada zake, shangazi, wote wamemzunguka na maneno ya asali, mtoto hajambo, mtoto hajambo, na mtoto ameshaoshwa. Nikaona huu ni ushenzi. Nikaingia, nikasimama miguuni pake, nikamwambia, mtoto wako alifariki asubuhi. Hivyo hivyo. Sikujua kulipaka sukari. Tangu siku hiyo nikiingia mlango huu, yeye anatokea ule."

Alikuwa akizungumza huku akikunja na kukunjua kitambaa cha kapu, na mimi nikawa natazama mikono yake. Mikono ya cherehani, aliniambia baadaye, maisha yake yote ameshona sare za shule. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia sindano ya mashine ilikipita kutoka juu hadi chini alipokuwa msichana, na ukucha ukaota umepasuka katikati, kama vile una njia. Ukiuona mara moja huusahau.

Ndipo nikajua nimekuwa nikichagua lenzi za kumpiga mtoto, na mtoto peke yake hawezi kuthibitisha chochote. Alihitaji shahidi ndani ya picha. Pana ingemmeza shahidi, ndefu ingemkata. Ya wastani ndiyo ingewabeba wote wawili, mtoto na mkono mpaka juu ya kiganja.

"Mama," nikasema, "umeshamwona mjukuu wako?"

"Hapana."

"Twende ukamwone. Umshike, nikupige picha ya mkono."

"Sitaki kumzoea," akasema. "Yule wa kwanza nilimshika. Nikimshika na huyu, halafu naye akaondoka, mkono huu nitaupeleka wapi?"

Kazi yangu ni vidonda, na kidonda unakipiga picha, hukibembelezi. Nikamwambia tu ukweli, kwa sababu nilikwisha kuona ndiyo lugha yake. "Hujaambiwa atapona. Mimi sijui. Sista hajui. Lakini yule binti asipokamua leo, maziwa yatakauka, na hapo tutajua."

Akavuta pumzi, akaegemea magoti yake, akasimama. Alinisubiri nivae kiatu.

Sista Shii alikataa mwanzoni. Mkono wa mtu wa nje hauingii kwenye chupa. Nikamweleza, na mama mkwe akasimama kando kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Mwishowe Sista akamshika, akampeleka kwenye sinki, akamsugua mwenyewe, mpaka kwenye viwiko, chini ya kila ukucha, na ule uliopasuka akausugua mara mbili. Mama wa watu alivumilia kama mtoto anayeogeshwa.

Chupa ina matundu mawili ya pembeni yenye vifuniko. Mkono ukaingia kwenye tundu la mbali, ukabaki hewani, hautui.

"Mshike, mama," Sista akanong'ona. "Mgongoni. Usimpapase, utamchosha. Weka mkono tu, utulie."

Ukatua. Mgongo wote wa mtoto ukaisha ndani ya kiganja, na vidole vikabaki na nafasi. Mimi nilikuwa dhiraa mbili kutoka pale, jicho kidirishani, na niliona ukucha mara mbili, mmoja imara na mwingine kivuli. Nikazungusha lenzi taratibu mpaka njia mbili za ukucha zikawa njia moja. Kisha nikakumbuka ule uongo wa kidirisha, nikainua kamera kidogo, mpaka kidirishani ikaonekana kama ninamkata mtoto miguu, ili kichwa chake kisipotee kwenye filamu. Ukiwa umechoka ndilo jambo la kwanza unalosahau. Sikusahau.

"Ana joto," mama mkwe akasema, si kwa mtu.

Mtoto akakunja uso wote, uzee mtupu, akafungua mdomo kupiga kelele ambayo haikutoka.

"Na hasira anazo. Huyu ni wetu."

"Shii," akasema Sista Shii, lakini alisema kwa upole.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, na tena, mpaka filamu ikagoma.

Kule chini nilichapa moja tu. Sikuingojea ikauke vizuri. Nilivuka uwanja nikiipeperusha, na mama mkwe akaja nyuma yangu, akabaki kwenye benchi lake. Nesi wa zamu akaniambia mzazi ameomba asisumbuliwe. Nikamwambia nami nimeomba mengi katika maisha haya.

"Sitasema kitu," nikamwambia mzazi. "Nitakuwekea tu, nitakaa pale."

Nikaiweka juu ya shuka, karibu na mkono wake, nikakaa kwenye kiti cha wageni. Kisha akaivuta kwa vidole viwili. Niliona macho yake yakienda kwanza kwa mtoto, haraka, kwa woga, yakatoka. Yakaenda kwenye mkono, na hapo yakasimama.

Aliisogeza mpaka karibu na pua.

"Mkono huu," akasema.

"Ndiyo."

"Aliingia huko? Yeye mwenyewe?"

"Ameingia. Ameoshwa kwanza kama sufuria."

Hakucheka. Alikuwa anapima mtoto kwa kile kiganja. Nilimwona akilinganisha, kidole kwa mguu, ukucha kwa sikio. "Ni mdogo," akasema, na sauti yake ikapasuka. "Ni mdogo kama nilivyomwona." Machozi yakamwagika kuelekea masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali, na mimi ambaye nimepiga picha za mambo nisiyoweza kuyataja mezani, nilitazama sakafu.

"Yule mama hawezi kunionea huruma," akasema baadaye. "Hajui namna yake. Yuko wapi?"

"Kwenye benchi hapo nje. Yuko hapo kila siku."

"Mwambie aingie."

Nilitoka nikamwita. Aliingia na kapu lake, akalishusha chini, akaenda akasimama miguuni pa kitanda, kama alivyosimama siku ile ya yule wa kwanza. Nesi akaacha kukunja shuka.

"Shikamoo mama," mzazi akasema.

"Marahaba."

"Niambie."

Mama mkwe alishika chuma cha kitanda. Nilimwona anatafuta maneno mazuri, nikaona hana.

"Yuko hai," akasema. "Leo yuko hai. Ya kesho siyajui."

Mzazi akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu aliyelipwa alichokuwa anadai. Kisha akafungua vifungo vya gauni, na mama mkwe akakitoa kitambaa juu ya kikombe, akamkingia.